Nitajuaje kama ni sonona, na nikifika kwa daktari niseme nini?

Maswali haya mawili hunijia kwa zamu, mara nyingi usiku, na mara nyingi kutoka kwa mtu anayeanza na "samahani kukusumbua". Nimeyajibu kwa mmoja mmoja muda mrefu. Sasa nayaandika yote hapa, hatua kwa hatua, ili usilazimike kumwomba mtu samahani.

Mimi si daktari. Niliugua sonona, nikatibiwa, na tangu hapo nimewasindikiza watu kadhaa hadi kwenye benchi la kusubiria. Nililolishika ni hili: hesabu siku, usipime machozi. Wengi hungoja walie ndipo waamini wanaumwa, na wapo wanaoumwa sana ambao hawajalia hata mara moja.

Kuhusu jina: wengine huita unyogovu, wengine mfadhaiko. Mitaani tunasema "mawazo" au "stresi", na hapo ndipo mambo huchanganyika. Msongo wa mawazo una kitu unachoweza kukinyooshea kidole: deni, mtihani, ugomvi. Kikiisha, unashusha pumzi. Sonona inaweza kuanzia hapo hapo kwenye deni, lakini deni likalipwa nayo ikabaki imekaa. Tena inaweza kuja bila kubisha hodi, wakati mambo yote yako sawa. Wanaoipata hivyo huwa wagumu zaidi kusema, maana wanajiona hawana haki ya kuumwa.

Kama leo unafikiria kujiua

Usianze na hatua ya kwanza. Mwambie mtu aliye karibu, kwa maneno haya haya: "Nafikiria kujiua, usiniache peke yangu." Aondoe ndani dawa, sumu, silaha, au chochote ulichokuwa unakifikiria. Kisha nendeni pamoja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, au pigeni namba ya dharura ya nchi mliyopo. Mawazo hayo hupanda na kushuka. Kazi ya saa hizo za kwanza ni kuhakikisha yakipanda hauko peke yako na huna kitu mkononi. Vivyo hivyo kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au umeacha kabisa kula na kunywa. Nenda leo.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari halikuletei ujumbe wa watu.
- Mtu mmoja. Mmoja tu, asiyekimbilia kutoa mawaidha.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji na za kupanga uzazi.
- Nusu siku ya kwenda kuonana na mhudumu wa afya.

Huhitaji kuwa na uhakika kwamba ni sonona. Kuthibitisha ni kazi ya mhudumu. Yako ni kumpelekea habari zilizo sahihi.

Hatua ya 1: Jiulize maswali mawili

Katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekuwa na huzuni, moyo mzito, au hali ya kukata tamaa? Na je, mambo uliyokuwa ukiyapenda yamepoteza ladha?

La pili ndilo watu huliruka, nami nililiruka miezi. Nilikuja kushtuka siku mtoto wa dada yangu alipokuja mbio kunionyesha jino lililong'oka. Alikuwa amelishika kiganjani, limefungwa kwenye kipande cha karatasi. Nikamwangalia mdomoni, nikaliona pengo, nikajua kabisa kwamba hapa mtu hucheka. Sikucheka. Wala sikuwa na huzuni; palikuwa patupu tu, kama chumba kilichohamwa. Mtoto akalifunga jino lake, akaenda kumwonyesha mtu mwingine.

Kama jibu ni ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo mawili, endelea. Kama yote ni hapana lakini bado unajisikia vibaya, nenda kapimwe vilevile. Huenda ni kitu kingine.

Hatua ya 2: Andika siku 14

Muda wa wiki mbili haukubuniwa ovyo. Ndio wanaoutumia madaktari kutenganisha sonona na siku mbaya za kawaida: dalili ziwepo sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa angalau wiki mbili, na ziwe zimeharibu jambo fulani katika maisha, iwe kazi, masomo, usafi au mahusiano.

Kila jioni andika mistari miwili au mitatu: umelala vipi, umekula nini, umeshindwa nini, mwili ulikuwaje. Ukurasa wangu ulikuwa hivi:

*Jumanne. Nimeamka saa tisa usiku, sikulala tena. Nimekula mara moja. Ujumbe wa kazini nimeusoma mara nne sijauelewa.*

*Jumatano. Saa tisa na nusu. Kichwa. Nimemfokea mdogo wangu kwa sababu ya mlango.*

*Alhamisi. Sijaoga siku ya tatu.*

*Ijumaa. Asubuhi mbaya mno, jioni afadhali kidogo.*

Usiandike insha kuhusu maisha yako. Andika kinachohesabika. Na usingoje Jumapili ujaze wiki nzima kwa mkupuo, kwa sababu sonona hupaka kumbukumbu rangi yake: siku nzuri zote zitakuwa zimefutika. Kama tayari una miezi katika hali hii, usitumie daftari kama kisingizio cha kuchelewa. Andika unayoyakumbuka, nenda kesho.

Hatua ya 3: Itafute pale inapojificha

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sonona hupenda kuvaa nguo za mwili. Kichwa kinachouma kila siku, mgongo, tumbo kujaa gesi, kifua kubana, mwili kuwaka moto, uchovu usioisha hata baada ya kulala kwa muda wa saa kumi. Maumivu hayo ni ya kweli, hujayatunga. Ila ukiyapeleka peke yake hospitalini utarudi na vidonge vya maumivu. Mimi nilirudi navyo mara tatu, kituo kimoja, na sikumlaumu mtu: nilisema "kichwa", nikatibiwa kichwa.

Usingizi huharibika kwa njia mbili. Kuna wanaokesha au kuamka alfajiri ya mapema mno wasilale tena, na kuna wanaolala mchana kutwa. Chakula nacho ni hivyo hivyo: wengine hukonda, wengine hunenepa.

Kwa wanaume wengi huja kama hasira. Mtu anafoka kwa jambo dogo, anazidisha pombe, anaendesha gari kama hana cha kupoteza, anarudi nyumbani usiku ili asiongee na mtu. Watu husema amebadilika tabia; hakuna anayesema anaumwa. Kwa kijana wa shule unaweza kuona alama zimeshuka, anajifungia, anakasirika akisemeshwa. Kwa mzee, usahaulifu na uzito wa kufikiri vinaweza kudhaniwa kuwa ni uzee tu.

Kwa mama aliyejifungua, machozi ya siku za mwanzo ni jambo la kawaida na huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Yakizidi hapo, au mama akawa hapati hisia yoyote kwa mtoto, au anapata mawazo ya kumdhuru mtoto au kujidhuru, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Na akianza kuchanganyikiwa, kuona au kusikia visivyokuwepo, hiyo ni dharura ya leo.

Vipi kuhusu msiba? Majonzi huja kwa mawimbi: unalia, kisha mtu anakumbusha kichekesho cha marehemu, unacheka, unalia tena. Katika sonona wimbi halishuki, na mara nyingi linakuja na kujidharau: mimi ni mzigo, sifai. Aliyefiwa humlilia aliyeondoka. Hajioni kuwa takataka. Lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo msiba usiwe sababu ya kuambiwa uvumilie tu.

Hatua ya 4: Jipime kwa maswali tisa

Kuna dodoso linaloitwa PHQ-9, lilichapishwa mwaka 2001, na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, kukosa umakini, kuwa mzito au kutotulia kuliko kawaida, na mawazo ya kufa au kujidhuru.

Kila swali lina alama 0 hadi 3: 0 ni hakuna kabisa, 1 ni siku kadhaa, 2 ni zaidi ya nusu ya siku, 3 ni karibu kila siku. Jumlisha. Alama 5 hadi 9 huhesabiwa dalili ndogo, 10 hadi 14 za wastani, 15 hadi 19 zimepita wastani, 20 hadi 27 kali. Ukifika 10, panga siku ya kwenda. Ukiwa chini ya 10 lakini kazi au nyumba imeanza kukushinda, nenda pia.

Swali la tisa halijumlishwi tu na kusahauliwa. Kama umeweka chochote zaidi ya 0, mwambie mtu leo, hata kama jumla yako yote ni 4.

Kosa la kawaida hapa ni mtu kujipima kila siku kama anapima homa. Dodoso linauliza wiki mbili. Lirudie baada ya wiki mbili. Kosa jingine ni kulichukua kama cheti. Haliwezi kutofautisha sonona na upungufu wa damu, na ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kusanya yale yanayofanana nayo

Tezi dundumio, ile ya shingoni, ikifanya kazi chini ya kiwango huleta uchovu, unene na uzito wa moyo. Upungufu wa damu huchosha vilevile. Steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, na baadhi ya dawa za kifafa zinaweza kuleta huzuni. Pombe nayo: wengi hunywa ili walale, nayo ndiyo inayowaamsha usiku na kuwazidishia huzuni kesho yake. Andika kiasi halisi unachokunywa. Mhudumu hatakupigia kelele, na akikupigia, bado amepata habari aliyoihitaji.

Jambo moja usilifiche: kama uliwahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ulichangamka kupita kiasi, hulali na huchoki, unaongea bila kupumua, unatumia fedha hovyo, unajiona unaweza kila kitu. Hiyo inaweza kuwa baipola, ugonjwa wa akili wenye vipindi kama hivyo na vipindi vya sonona, na dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumrusha kwenye kipindi kingine cha namna hiyo. Watu hawalisemi kwa sababu wanakikumbuka kama kipindi kizuri.

Hatua ya 6: Mwambie yule mtu mmoja

Usianze na "nataka tuongee", utamtisha kisha utaghairi. Tumia sentensi fupi yenye ombi ndani yake:

"Nina wiki ya tatu silali na sina hamu na chochote. Nadhani naumwa. Naomba unisindikize hospitali Alhamisi."

Ombi ndilo linalomsaidia msikilizaji. Bila ombi atajaza nafasi kwa mawaidha: piga moyo konde, shukuru Mungu, wenzako wana shida kubwa zaidi. Si kwamba ana roho mbaya, hajui tu afanye nini na mikono yake. Mpe kazi.

Kama kusema ni kuzito, mtumie ujumbe. Au mpe daftari asome.

Hatua ya 7: Nenda, na useme hivi

Huhitaji kuanza kwa bingwa wa magonjwa ya akili. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa afya ya akili uitwao mhGAP, ulioanzishwa mwaka 2008, na mwongozo wake ulitengenezwa mahsusi ili wauguzi, matabibu na madaktari wa kawaida waweze kutambua na kutibu sonona. Kituo cha afya kilicho karibu ni mahali sahihi pa kuanzia.

Ukikaa tu, kabla hujaulizwa "unasumbuliwa na nini" ukajikuta umejibu "kichwa", anza na hili:

"Nimekuja kwa sababu nadhani nina sonona. Nina wiki kadhaa sina hamu na kitu, naamka saa tisa usiku, na nimeshindwa kufanya kazi. Nimeandika siku zangu hapa. Kichwa pia kinauma, lakini naomba uangalie yote pamoja."

Mara ya nne nilipokwenda, sauti ilikata kwenye neno la tatu. Nikasukuma daftari mezani. Yule tabibu akasoma, akafunua ukurasa wa pili, akaweka kalamu chini, akauliza: "Na mawazo ya kufa?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajibu.

Tegemea ataulizia usingizi, pombe, magonjwa mengine, familia, kama ulishawahi kuugua hivi, na kujiua. Anaweza kukuchukua damu. Jibu ukweli kuhusu kujiua hata kama unaona aibu. Jibu hilo ndilo linaloamua uangaliwe kwa karibu kiasi gani. Na usitoke chumbani bila kujua mambo matatu: ameona ni nini, utaanza tiba gani, na unarudi tarehe ngapi.

Hatua ya 8: Shika tiba

Kwa sonona ndogo, mara nyingi huanza na tiba ya mazungumzo, na mipango midogo ya kuurudisha mwili kwenye shughuli: unapanga jambo moja dogo kwa siku na kulifanya kabla hamu haijarudi, kwa sababu hamu hufuata kitendo. Jambo dogo ni kuoga. Kusafisha nyumba nzima si jambo dogo. Ikiwa ya wastani au kali, huongezwa dawa, kama vile fluoksetini au amitriptilini.

Kuhusu dawa, haya yajue mapema ili yasikushtue:

- Hazifanyi kazi siku hiyo hiyo. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, wakati mwingine zaidi.
- Maudhi huja kwanza: kichefuchefu, mdomo kukauka, usingizi kubadilika, hamu ya tendo la ndoa kupungua. Mengi hulegea baada ya muda mfupi. Yanayobaki yaseme, dawa hubadilishwa.
- Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za kwanza zinahitaji jicho la mtu, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua.
- Hazikufanyi teja. Lakini ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi na usingizi mbaya, kisha ukasema "unaona, zimenifanya teja". Huachwa polepole, kwa kuelekezwa.
- Usimgawie mtu dawa zako, na usiweke akiba kubwa nyumbani kama una mawazo ya kujiua. Amitriptilini ikizidi dozi ni hatari sana. Mwombe mtu akutunzie.

Ukikwama

*"Wamenipa za maumivu tu."* Rudi, ukianza na neno sonona na dodoso mkononi. Ikishindikana, omba mhudumu mwingine au rufaa. Sio utovu wa adabu.

*"Wananiambia niombe tu."* Omba, na uende hospitali. Kiongozi wa dini mwenye busara hatakuzuia. Anayekuambia uache dawa ili kuthibitisha imani, usimsikilize.

*"Nimepata nafuu, naacha."* Hapa wengi huangukia. Dawa kwa kawaida huendelea miezi kadhaa baada ya kupona, na mwongozo wa mhGAP unazungumzia miezi 9 hadi 12. Kama kidonge kinakukera, sema na mhudumu, usikitupe kimyakimya.

*"Wiki sita na sioni tofauti."* Dozi inaweza kuwa ndogo, au dawa si yako, au unaruka siku, au kuna pombe katikati. Yote manne yana dawa yake. Dawa ya kwanza kutokufaa haina maana kwamba hutibiki.

*"Sina nguvu hata ya kuandika."* Basi weka alama: msalaba kwa siku mbaya, nukta kwa siku ya afadhali. Misalaba kumi na moja ndani ya siku 14 inasomeka.

*"Anayeumwa ni ndugu yangu, na hataki kwenda."* Usimwambie "una sonona", atakukatalia neno na mtabishana juu ya neno. Mwambie ulichokiona: "Kaka, nimeona huli tangu wiki jana, na usiku nasikia unatembea." Kisha muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi hupumua wanapoulizwa. Akisema ndiyo, rudi juu kwenye sehemu ya dharura, usiondoke. Akisema hapana, usidai kibali cha matibabu yote siku hiyo. Omba kitu kimoja, kwamba mtaenda kupima damu kwa sababu ya ule uchovu, nawe utakuwa naye. Mkifika, mwombe mhudumu ruhusa ya kusema uliyoyaona, mbele ya ndugu yako, yeye akisikia. Halafu toka nje uwaachie dakika kumi, maana yapo ambayo hatayasema ukiwa umekaa hapo.